Programu ipi ya kurekodi skrini itafaa kwa masomo ya Excel kwa Kiswahili?

Mkufunzi wa Majengo ameuliza:

Assalamu alaykum, na wengine nyote hamjambo. Mimi nasomesha kompyuta katika chumba kidogo cha ghorofani hapa Majengo, Mombasa. Wanafunzi wangu wengi ni wafanyabiashara wa Markiti na Kongowea wanaotaka kuachana na daftari la karatasi na kuweka hesabu za mauzo, madeni na bidhaa zilizobaki kwenye Excel. Kwa kuwa ni watu wa kufungua duka alfajiri na kulifunga usiku, nusu yao hukosa kipindi kimoja kila wiki, kisha hunijia mmoja mmoja wakiniomba niwarudilie somo zima. Wao wenyewe ndio walionishauri nirekodi masomo ili wayatazame kwenye simu wanapongoja feri au mteja.

Nimejaribu mara mbili na mara zote mbili nimeambulia patupu. Mara ya kwanza nilitumia programu niliyowekewa na rafiki, nikasomesha dakika 40 bila kusita, umeme ukakatika nikiwa karibu kumaliza, na kwa kuwa betri ya kipakatalishi changu imebaki jina tu, mashine ilizimika papo hapo. Umeme uliporudi niliikuta faili ya MP4 mahali pake, ina ukubwa wa kutosha, lakini hakuna programu iliyokubali kuifungua. Mara ya pili nilipakua programu ya kulipia katika muda wake wa majaribio. Video ilitoka salama, ila ilikuwa na nembo ya kampuni juu ya seli zile zile nilizokuwa nikizieleza.

Mashine yangu ina prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 6, RAM ya GB 8, diski ya kuzunguka, skrini ya pikseli 1366 kwa 768 na Windows 10, na haina kadi ya picha ya ziada. Naomba mnishauri ni programu ipi itakayonifaa, na kama kuna haja ya kununua Camtasia ambayo nimeisikia ikisifiwa. Mjue pia kwamba wanafunzi wangu hununua bando kwa siku, kwa hiyo video nzito hawataifungua hata iwe nzuri namna gani.

Fundi wa Mwembe Tayari amejibu:

Wa alaykumu ssalaam, Mwalimu, na pole kwa dakika 40 hizo. Nitaanza na faili iliyokufa, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha programu ya kuchagua.

Faili ya MP4 ya kawaida ina fahirisi ndani yake, mfano wa yaliyomo ya kitabu, inayomweleza mchezeshaji kila picha na kila kipande cha sauti kimelala wapi. Programu nyingi huiandika fahirisi hiyo mwishoni kabisa, pale unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Umeme ukikatika kabla ya hapo, kurasa zote zinabaki ndani ya diski lakini hakuna anayejua ianzie ipi, ndiyo sababu uliona ukubwa upo na video haipo. Faili ya MKV huandikwa kwa vipande vidogo vidogo ambavyo kila kimoja kinajieleza, hivyo mashine ikizimika ghafla unapoteza sekunde chache za mwisho na zilizotangulia zinasalimika.

Kwa hali yako ningechukua OBS Studio. Ni programu huria iliyoanzishwa na Hugh Bailey mwaka 2012, haina malipo, haina nembo, haina kikomo cha dakika, na hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Rekodi kwa MKV, kisha ukimaliza ingia kwenye menyu ya faili, uchague amri inayoitwa Remux Recordings, nayo itakutolea MP4 kwa muda mfupi sana bila kuigusa picha wala sauti, kwani inalihamisha tu lile lililorekodiwa kutoka chombo kimoja hadi kingine. Kuanzia toleo la 30.2 la mwaka 2024 wameongeza pia aina ya MP4 inayoandikwa kwa vipande na kutiwa fahirisi mwishoni, lakini mimi bado nang'ang'ania MKV. Huenda ni ukaidi wa umri.

Jambo la pili ni joto. Kubana video wakati inaporekodiwa ni kazi nzito, na ukiiachia prosesa yenyewe kupitia x264, programu ya kubana video, kipakatalishi cha umri kama wa chako katika joto la Mombasa kitaanza kuvuma na Excel itakuwa nzito mkononi. Prosesa za Intel zenye kadi ya picha ndani zina sehemu maalumu ya kazi hiyo iitwayo Quick Sync, iliyoanza kuja mwaka 2011, na ya kizazi cha 6 unayo. Katika mipangilio ya OBS chagua kifaa cha kubana cha QSV, yaani hiyo Quick Sync, badala ya x264, uone tofauti. Diski yako isikutie wasiwasi, kwa sababu video ya aina hii haiandiki data nyingi kiasi cha kuishinda.

Mwisho, OBS itakuuliza kama unataka kurekodi dirisha moja au skrini nzima. Watu wengi hukimbilia dirisha moja wakidhani ndiyo njia safi, kisha hushangaa kuona kwamba menyu zinazoshuka na visanduku vya maswali vya Excel havionekani kwenye video. Windows huvihesabu kuwa madirisha mengine. Wewe unafundisha menyu hizo hizo, kwa hiyo rekodi skrini nzima.

Mwalimu wa Likoni amejibu:

Mwalimu mwenzangu, bwana Fundi amesema kweli tupu kuhusu faili, lakini nataka kumpinga kwa heshima katika jambo moja: ametoa jibu la fundi kwa swali la mwalimu. OBS ilitengenezwa kwanza kwa watu wanaorusha matangazo ya moja kwa moja, na mtu anayeifungua kwa mara ya kwanza hukuta mandhari, vyanzo, vichanganyio vya sauti na dirisha jeusi, akadhani ameharibu kitu. Mimi ilinichukua wiki mbili kuizoea. Zaidi ya hayo, OBS inarekodi tu na haikati wala haiungi. Ukikohoa, ukikosea fomula, au mtoto akiingia kuomba hela ya mandazi, itakubidi utafute programu ya pili ya kuhariria.

Hapo ndipo Camtasia inapostahili sifa zake. Kurekodi na kuhariri vimo ndani ya programu moja, na kishale cha kipanya hurekodiwa mbali na picha, hivyo hata baada ya kumaliza somo unaweza kukikuza, kukitia duara la rangi au kukilainishia mwendo wake. Unaweza pia kuisogeza picha karibu na seli moja wakati unapoitaja, na kwa mwanafunzi anayetazama kwenye simu, huko kusogeza ndiko somo lenyewe. Ila siku hizi huuzwa kwa ada ya kila mwaka, tena kwa dola, na ile nembo uliyoiona ndiyo desturi ya matoleo ya majaribio. Kama masomo hayo utayauza, piga hesabu ya saa unazookoa katika kuhariri kisha uamue. Kama ni ya bure kwa wanafunzi wako, sioni sababu ya kulipa.

Kwa anayetaka kuanza leo bila kusoma chochote, PowerPoint kuanzia toleo la 2016 ina kitufe cha kurekodi skrini katika kichupo cha kuingiza vitu. Unachora mstatili, unarekodi, video inakaa ndani ya slaidi, kisha unaibofya kwa kitufe cha kulia na kuihifadhi kama faili. Ni ya kawaida sana, lakini masomo yangu kumi ya kwanza nilirekodi hivyo na hakuna mwanafunzi aliyeniuliza ni programu gani.

Kijana wa Kisauni amejibu:

Shikamooni. Mbona hatuitaji ile iliyomo ndani ya Windows 10 yenyewe, unayoifungua kwa kitufe cha Windows na G? Haina malipo na haihitaji kupakuliwa. Na Windows 11 ina ya kwake ndani ya programu ya kukatia picha za skrini.

Fundi wa Mwembe Tayari amejibu:

Marahaba, kijana. Hiyo ya kwanza, Xbox Game Bar, ilikusudiwa michezo, na hurekodi programu moja tu kwa wakati. Haikubali kurekodi eneo-kazi la Windows wala kidirisha cha kuvinjari faili. Mwalimu akitaka kuonyesha namna ya kuihifadhi faili ya Excel kwenye folda kisha kwenda kuitafuta, atakwama. Hiyo ya pili ni nzuri kwa klipu fupi, lakini ipo kwenye Windows 11 pekee, na prosesa ya kizazi cha 6 haimo katika orodha rasmi ya zile zinazokubaliwa na Windows 11, ambayo kwa upande wa Intel, ukiacha chache za kizazi cha 7, huanzia kizazi cha 8. Ukitajiwa Loom au Bandicam, ambazo nazo ni programu za kurekodi skrini, jua kwamba Loom, mpango wake wa bure una kikomo cha dakika tano kwa video na video hukaa kwenye mtandao wao. Bandicam ya bure husimama dakika ya kumi na kuacha nembo juu ya picha.

Kuhusu kuhariri, nakubaliana na Mwalimu wa Likoni kwamba OBS haikati. Shotcut na Kdenlive ni huria, hazitii nembo, na kukata kikohozi hakuhitaji zaidi ya hapo. DaVinci Resolve ina toleo la bure lenye nguvu, lakini mashine isiyo na kadi ya picha ya ziada itaugua.

Dada wa Saiba, Bondeni, amejibu:

Mwalimu, mimi nina saiba, yaani duka la huduma za intaneti, na kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya watu binafsi kuwasilisha ritani za kodi, hurekodi video fupi za kuonyesha wateja namna ya kujaza fomu kwenye iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni. Naona mmezungumza programu mpaka zimekwisha, na mambo yaliyonitesa mimi hayakuwa ya programu hata kidogo.

La kwanza ni sauti. Picha ikififia kidogo mtazamaji huvumilia, lakini sauti ikiwa na mwangwi au mvumo atafunga kabla ya dakika moja. Chumba cha vigae na kuta tupu hurudisha sauti kama kisima, kwa hiyo nilitundika leso mbili na blanketi kwenye ukuta ulio mbele yangu, na maikrofoni ya vipokea sauti vya masikioni naiweka shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Ndani ya OBS kuna kichujio cha kupunguza kelele kiitwacho RNNoise, na kinasaidia sana kwa mvumo wa feni, lakini msikae mkadhani kitaondoa honi ya tuktuk au muadhini, kwani hizo ni sauti zenye mwendo kama usemi wa mtu. Angalieni pia kile kipimo cha sauti chenye rangi ndani ya OBS: usemi wa kawaida uwe unaingia kwenye manjano, na usifike kwenye nyekundu.

Mimi hurekodi baada ya sala ya alfajiri, feni imezimwa. Bila feni siwezi kuvumilia zaidi ya dakika nne, na hicho ndicho kilichonifunza kurekodi vipande vifupi vifupi. Kipande kimoja kikiharibika narudia dakika nne, sirudii arobaini.

La pili ni siri za watu. Siku moja nilirekodi nikitumia akaunti ya mteja aliyeniruhusu kwa moyo mweupe, nikaituma video kwenye vikundi vitatu, ndipo nikagundua kuwa PIN yake ya kodi na namba ya kitambulisho zilikuwa zinaonekana kwa sekunde kumi nzima. Niliwahi kuifuta, lakini siwezi kuapa kwamba hakuna aliyeipakua. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hata isingekuwapo, hiyo ilikuwa amana ya mtu. Wewe, Mwalimu, utaonyesha daftari la wadeni. Tafadhali usitumie la mwanafunzi yeyote. Tunga la uongo lenye Mteja A na Mteja B, na uzime arifa zote za Windows pamoja na WhatsApp ya kwenye kompyuta kabla hujaanza. Kwa wanaorekodi skrini ya simu, Android ina kirekodi chake tangu toleo la 11 la mwaka 2020, lakini programu nyingi za benki zimezuia kurekodiwa na mtatoka na skrini nyeusi. Msizilazimishe.

La tatu ni uzito. Hesabu yake ni rahisi: video ya kilobiti 2,500 kwa sekunde inakula karibu MB 19 kwa dakika, yaani MB 190 hivi kwa somo la dakika kumi. Excel haina mwendo mwingi, kwa hiyo fremu 20 kwa sekunde zinatosha na kilobiti 800 zinaweza kukupa picha safi, na hapo dakika kumi zinakuwa MB 60 na ushei pamoja na sauti. Mimi hurekodi kwa ubora wa juu kisha naipunguza kwa HandBrake, programu nyingine huria, nikichagua ubora wa kudumu wa 24 au 25. Namba ikipanda faili inapungua. Kisha naituma kwa WhatsApp kama hati na si kama video, kwa sababu ukiituma kama video WhatsApp huibana tena kwa namna yake na tarakimu ndogo zinageuka ukungu. Tangu mwaka 2022 hati inaruhusiwa kufikia GB 2, ambazo hatutazihitaji kamwe, inshallah.

Mkufunzi wa Majengo amejibu:

Shukran jazila kwenu nyote. Nimekaa siku nne bila kujibu kwa sababu nilitaka nirudi na jambo la kueleza.

Niliweka OBS, nikachagua MKV na QSV, na kabla sijasomesha chochote nilianza kurekodi nikihesabu kwa sauti moja, mbili, tatu, kisha nilipofika mia moja na ishirini nikachomoa waya wa umeme makusudi. Moyo ulinidunda, kwani ni mashine pekee niliyo nayo. Nilipoiwasha tena, faili ilifunguka bila shida na sauti yangu ilikatika kwenye mia moja na kumi na saba. Kwangu mimi mjadala wa programu uliishia hapo.

Mwalimu wa Likoni, ulivyosema kuhusu lile dirisha jeusi ndivyo ilivyonikuta. Nilikaa nusu saa nikidhani skrini yangu imekufa, kumbe nilikuwa sijaongeza chanzo, yaani sijaiambia OBS irekodi nini. Nimeandika hatua zangu sita kwenye karatasi na kuibandika ukutani, karibu na leso za dada yangu wa Bondeni.

Somo la kwanza nilirekodi la kujumlisha madeni ya kila mteja kwa fomula ya SUMIF, dakika sita, vipande viwili. Baada ya HandBrake limekuwa MB 31. Nilimtumia mama mmoja wa Kongowea anayeuza viazi, naye akanijibu kwa sauti kwamba anasikia kila neno lakini tarakimu ni kama chawa. Nilikuwa nimeiacha Excel katika asilimia 100, na OBS ilikuwa inaipunguza picha kutoka 1366 kwa 768 hadi 1280 kwa 720, jambo ambalo nadhani ndilo lililotia herufi utandu. Nimerekodi upya bila kupunguza, Excel nikaikuza hadi asilimia 160, nikazificha safu ambazo sizihitaji, ameridhika.

Limebaki moja. Anasema hakioni kishale changu kinapokwenda, na mimi Camtasia sitainunua mwaka huu. Kuna njia?

Fundi wa Mwembe Tayari amejibu:

Umefanya vyema kuchomoa waya. Wateja wangu huwa hawajaribu mpaka umeme uwajaribu wenyewe. Na hilo la kupunguza picha umelipatia: pikseli zisizogawanyika sawasawa huzifanya herufi zipoteze kingo.

Kuhusu kishale, pakua PowerToys, ambayo ni ya Microsoft na haina malipo. Ndani yake kuna kiangazio cha kipanya. Ukibonyeza Windows, Shift na H kwa pamoja, kila unapobofya panatokea duara la rangi, na rangi unaichagua mwenyewe. Weka ya manjano isiyokolea ili tarakimu zilizo chini yake zisomeke. Kwa kusogeza picha karibu, tumia ZoomIt ya Mark Russinovich, ambayo matoleo ya karibuni ya PowerToys yanayo ndani: Control na 1 hukuza pale ulipo, Control na 2 hukuruhusu kuchora mstari mwekundu juu ya skrini, na kitufe cha Escape hukurudisha ulikotoka. Vyote hivyo hutokea kwenye skrini yenyewe, na wewe unarekodi skrini nzima, kwa hiyo OBS itavichukua kama inavyoviona. Fanya mazoezi ya kubonyeza Escape kabla ya kurekodi, kwa maana ukiisahau utakuwa unaandika fomula juu ya picha iliyoganda.